"Umeanza kuhesabu TV ilipokuja"

Tangu Jumapili kuna neno la shemeji limenikaa kooni kama mwiba wa samaki. Kazini nimepewa mkataba mpya, Ijumaa posa ya Zuhura imepokelewa, na bado nikilala ni lile neno tu.

Nilikuwa namsimulia Iddi habari za Jamie Vardy, mshambuliaji wa Leicester ya England. Mnamjua Iddi, bila mpira halali. Nikafika penye utamu: 28 Novemba 2015, Manchester United (wangu hao, jamani) wako ugenini Leicester. Kona ya United, kipa wa Leicester Schmeichel anaudaka, anamrushia beki wake Fuchs. Fuchs anakimbia nao, anampenyezea Vardy, na Vardy anapiga ya chini, kipa wetu De Gea anaruka bure. Mechi ya 11 mfululizo ya Ligi Kuu ya England anafunga! Rekodi ya Ruud van Nistelrooy wa United ya mechi 10 imekwisha.

Shemeji hata hakuinua macho kwenye wali. "Rekodi anayo Jimmy Dunne wa Sheffield United. Kumi na mbili."

"Shemeji, mimi nimesema Ligi Kuu."

"Wewe umeanza kuhesabu TV ilipokuja."

Iddi akacheka. Angecheka mtu mwingine yeyote nisingejali.

Haya, Dunne alifunga mechi 12 mfululizo za daraja la kwanza, ndilo la juu kabisa enzi hizo, msimu wa 1931/32, sibishi. Jina la Ligi Kuu limekuja 1992 (ndiyo hiyo TV ya shemeji), na mimi nilitaja Ligi Kuu kwa mdomo wangu, shahidi mke wangu. Halafu mbona zile 10 za van Nistelrooy hakuzigusa? Nane ni za mwisho wa msimu wa 2002/03, mbili za mwanzo wa msimu uliofuata. Katikati watu wamekwenda likizo, wamekula, wamenenepa, na hesabu inaendelea tu! Kila anayehesabu ana mahali pake pa kuanzia, shemeji naye ana pake. Hili jibu limenijia Jumanne, niko kwenye daladala. Jumanne!

Ila nilivyokuwa nalitafuta nikajikuta nacheka peke yangu. Vardy huyu aliwahi kufanya kazi kiwandani huku akichezea timu ndogo, Stocksbridge Park Steels. Leicester walimchukua mwaka 2012 kutoka Fleetwood, timu ambayo haikuwa hata kwenye madaraja manne ya juu. Miaka mitatu baadaye anatupia Agosti, Septemba, Oktoba, Novemba. Mabao 13 katika mechi hizo 11. Mkosi ukaja Swansea, 5 Desemba: yeye hakufunga, Mahrez akafunga matatu, wakashinda 3-0. Kukatika gani kutamu hivyo? Na Mei Leicester wakabeba kombe la Ligi Kuu.

Kinachonifurahisha zaidi ni cha juzi juzi tu. Desemba 2024 van Nistelrooy yuleyule anakaa benchi la Leicester kama kocha, mechi yake ya kwanza, na West Ham. Nani anafungua mabao? Vardy, mzee wa miaka 37. Wakashinda 3-1. Hii nimemsimulia Iddi jana, shemeji hayupo, na mtoto alikodoa macho mpaka nikasahau kuwa nina kinyongo.

Majibu ya jicho la mama bado. Walisema Alhamisi, sasa wanasema Jumatatu, na yeye ameshaanza kumimina chai nje ya kikombe.