Mashudu ya alizeti bila heksani: wiki ya sita

Nimepata mafuta. Gramu 31, na nimeyapima mara tatu ndipo nikaamini.

Kwa mliochelewa: hapa Singida mashine za kukamua alizeti hazihesabiki, na mashudu, yaani makapi ya mbegu zilizokamuliwa, yakitoka bado ya moto, ukiyafinya yanakuachia mafuta vidoleni. Viwanda vikubwa hutoa mafuta hayo ya mwisho kwa heksani, kimiminika kinachoyeyusha mafuta, kinachotokana na petroli ghafi. Kwa kazi hiyo ni hodari, inachemka kwenye nyuzi 69 tu. Lakini mvuke wake huharibu mishipa ya fahamu ya anayeuvuta siku nenda siku rudi, na kushika moto ni mara moja. Sikuitaka kwenye banda ambamo wanangu wanaingia na kutoka. Nikachagua ethanoli ya miwa, yaani spiriti.

Wiki tatu za mwanzo ziliniumiza. Ethanoli ya asilimia 96 ilitoka kama chai ya rangi, mafuta kiduchu. Kosa lilikuwa yale maji machache yaliyobaki ndani yake. Ethanoli kavu huchanganyika kabisa na mafuta ya alizeti kwenye nyuzi 70 hivi. Ikiwa na maji, inadai joto linalopita kiwango chake cha kuchemka. Na huku kwetu, mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, inachemka kwenye nyuzi 74 badala ya 78. Nina nyuzi chache sana za kuchezea.

Basi nikaikausha kwa chokaa isiyozimwa, ambayo hunywa maji. Nikaiacha usiku kucha, kifuniko kimelegezwa kwa sababu hupata joto, kisha nikaichemsha na kuupoza mvuke wake. Mashudu nayo nikayaanika, nikayamalizia kwenye oveni, maana unyevu wake ungenirudisha nilikotoka.

Kuhusu moto sina mchezo. Maji nayachemsha uani, nayaleta kwenye ndoo, chupa ndiyo inakaa humo. Mvuke wa ethanoli ni mzito kuliko hewa, unatambaa sakafuni hadi uufikie moto ulipo.

Jumamosi nilianza na lita moja, nikaipitisha hiyo hiyo kwenye mafungu manne ya gramu 300, kila mara mashudu mapya. Hapo ndipo nilipokuwa nakosea zamani: fungu moja halitoi mafuta ya kutosha, ethanoli hata ikipoa inayabeba yote. Baada ya fungu la nne nikachuja ingali ya moto na kuitumbukiza chupa kwenye barafu.

Kwanza ikawa nyeupe kama maji ya kuoshea mchele. Kisha vitone vya dhahabu vikaanza kushuka pembeni mwa kioo, polepole, vinakutana, vinatulia chini. Ndiyo, chini: mafuta ni mazito kuliko ethanoli. Nilikaa pale karibu saa nzima nikitazama. Heksani ingebidi yote igeuzwe mvuke ndipo mafuta yabaki. Mimi nilivuta ethanoli ya juu kwa mpira, nikairudisha kwenye chupa yake. Mafuta nikayapasha kidogo ili mabaki ya ethanoli yatoke.

Na ile ethanoli yenye maji haikupotea bure. Mashudu ya alizeti yana asidi ya klorojeniki, ndiyo inayoyafanya yawe ya kijani yakikutana na magadi. Nilikoroga kijiko cha mashudu ya kawaida kwenye maji ya magadi, yakawa kijani kama mchicha uliopondwa. Yale ya wiki ya pili, yaliyopitiwa na ethanoli yenye maji, yalibaki ya kijivu, kijani kwa mbali: asidi nyingi ilishaondoka nayo. Kwa anayetaka unga wa protini wa chakula, hilo ni jambo kubwa.

Linaloniuma sasa ni upotevu: ile lita moja ilirudi chini ya mililita 600, nyingine imenywewa na mashudu. Jumamosi ijayo nayabana kwa jeki ya gari kwenye bomba la chuma lenye matundu, nione yatarudisha kiasi gani.