Laxton: kijiji cha Uingereza ambako ardhi bado hulimwa kwa vipande

Katika kaunti ya Nottinghamshire, ninakoishi sasa, iko parokia ndogo ya Laxton ambayo wakulima wake wangali wanafuata utaratibu ulioachwa zamani karibu Uingereza nzima. Mashamba yao hayana ua kati ya mtu na jirani yake. Yapo makonde makubwa matatu, la Magharibi, la Kinu na la Kusini, kila moja likiwa limegawanywa katika vipande virefu, na kila mkulima ana vipande katika makonde yote matatu, vikiwa vimetawanyika katikati ya vile vya wenzake.

Mpango huu una sababu nzito. Konde moja hupandwa ngano, la pili hupandwa mazao ya majira ya kuchipua, na la tatu hupumzishwa, kisha mwaka unaofuata yanabadilishana zamu. Mtu ambaye ardhi yake yote ingekuwa mahali pamoja angekosa mavuno kabisa konde hilo likipumzishwa. Tena udongo wa Laxton ni mfinyanzi mzito, lakini si wa aina moja kila mahali, hivyo kutawanya vipande kuliwahakikishia watu kwamba hakuna atakayejilimbikizia ardhi nzuri na kuwaachia wengine penye maji yanayotuama.

Kinachonivutia zaidi ni baraza lao, liitwalo Court Leet. Kila mwaka, mwishoni mwa Novemba, jopo la wanakijiji hutembea katika konde lililopandwa ngano na kukagua mipaka. Mahali ambapo kigingi kimepotea, hupigilia kingine. Wakimkuta mkulima amelima hadi ndani ya njia, au amemega nyasi za pamoja zinazoachwa kando ya vijito, huandika kosa lake, nalo baraza linapokaa juma linalofuata humtoza faini. Fedha yenyewe ni kidogo, lakini kosa husomwa mbele ya majirani ambao aliyekosa atakutana nao maisha yake yote. Bunge liliyapokonya mamlaka mabaraza ya namna hii mwaka 1977, ila la Laxton liliachiwa yake. Mtu aliyekulia mahali ambapo wazee huitwa shambani kuamua mpaka ulipopita hahitaji kuelezwa shughuli hiyo kwa maneno mengi.

Kijiji ni cha kale. Kimetajwa katika orodha kuu ya ardhi aliyoiagiza mfalme William na kukamilishwa mwaka 1086, na kaskazini yake bado kuna kilima cha ngome iliyojengwa na Wanormani. Hazina yake kubwa, kwa maoni yangu, ni ramani iliyochorwa na Mark Pierce mwaka 1635 kwa ajili ya William Courten, mfanyabiashara wa London aliyekuwa amenunua ardhi hiyo. Ramani hiyo, iliyohifadhiwa katika maktaba ya Bodleian mjini Oxford, inaonyesha vipande vyote kimoja kimoja, pamoja na picha ndogo za watu wakilima na kuvuna.

Kwingineko Uingereza vipande kama hivyo viliunganishwa na kuzungushiwa ua. Kati ya 1604 na 1914 Bunge lilipitisha sheria zaidi ya 5,200 za kufunga ardhi, zilizogusa zaidi ya sehemu moja ya tano ya nchi, na watu wengi maskini wakapoteza haki ya kulisha ng'ombe au kuokota kuni. Laxton ilisalia, ingawa hata hapo vipande viliunganishwa na kupunguzwa mwanzoni mwa karne ya 20. Mwaka 1952 serikali iliinunua ardhi hiyo kutoka kwa Earl Manvers ili utaratibu wake usipotee.

Mwaka huohuo, mwezi wa Oktoba, serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari nchini Kenya. Mwaka 1954 ukaja mpango wa Swynnerton, ulioona vipande vilivyotawanyika kuwa kizuizi cha kilimo cha kisasa na kuagiza viunganishwe. Kwetu Nyeri, kama Kiambu na Murang'a, kazi hiyo ilifanyika wakati maelfu ya watu wakiwa kizuizini, na wapo waliorudi wakakuta ardhi yao imehesabiwa kwa jina la mwingine. Sikatai kwamba hatimiliki, kahawa na ng'ombe wa maziwa viliinua familia nyingi. Lakini vipande vyetu navyo vilikuwa na sababu: magimbi yalitaka unyevu wa bondeni, viazi vitamu vilitaka mteremko, na mbuzi walihitaji malisho ya juu. Jambo ambalo Uingereza ililinunua kwa fedha ya umma ili lihifadhiwe kwake, iliagiza lifutwe kwetu baada ya miaka miwili, bila kuwauliza waliokuwa nyuma ya seng'enge.

Mwaka 2020 Laxton iliuzwa tena, safari hii kwa Thoresby Estate, na baraza linaendelea kukaa. Mimi nimeanza kumpigia simu shangazi, ambaye alikuwa msichana wakati vipande vilipounganishwa, anitajie mashamba ya babu yalikuwa wapi na yalipakana na ya nani. Ninayachora kwenye karatasi, kuanzia lile la magimbi kando ya mto Gura.