Mapafu ya kilo 2: kile maiti za korona zilionyesha

Hapa Lubumbashi ukiuliza mtu korona inaua aje, atakujibu "inakata pumzi", na maneno inaishia hapo. Ni kweli inakata pumzi, lakini kwa njia gani? Jibu nyingi zilitoka kwa maiti, juu kuna madokta walikubali kupasua watu wenye walikufa, wakati dunia nzima ilikuwa inaogopa hata kuwagusa.

Ujerumani, mwanzo wa 2020, Taasisi ya Robert Koch, ile ya serikali yenye inafuatilia magonjwa ya kuambukiza, ilikuwa imeshauri otopsi (kupasua maiti kutafuta chanzo cha kifo) zisifanywe ovyo juu ya hatari ya kuambukizwa. Lakini huko Hamburg profesa Klaus Püschel na wenzake wakaendelea kupasua. Matokeo ya maiti 12 za kwanza yakatoka mwezi wa tano: watu 7 walikuwa na mabonge ya damu kwenye mishipa ya ndani ya miguu na kabla wafe hakuna mtu aliyekuwa anashuku kitu kama hicho, na kwa 4 bonge lilikuwa limepanda mpaka kwenye mapafu na ndilo liliwamaliza. Mgonjwa amelala, watu wote macho kwenye oksijeni, kumbe kifo kinapandia mguuni. Hii kitu mimi nilipoisoma mara ya kwanza nilikaa kimya kabisa.

Sasa mapafu yenyewe. Ya mtu mzima mwenye afya, yote mawili pamoja, yanacheza karibu na kilo moja, mepesi, ukitupa kipande kwenye maji kinaelea. Ya hao wa Hamburg wastani ulikuwa karibu kilo 2, yamelowa, yamekuwa mekundu ya kuiva, magumu kama ini. Ukienda na mikroskopu unaona vile vifuko vidogo vya hewa vimefunikwa kwa ndani na utando wa protini na seli zenye zimekufa, kwa hiyo oksijeni inafika mpaka mlangoni lakini haivuki kuingia kwenye damu, ndio maana mtu alikuwa na chupa ya oksijeni pembeni na bado anahangaika kuvuta. Watafiti wengine wakalinganisha mapafu ya watu 7 wa korona na ya watu 7 waliokufa na gripe (mafua makali) ya 2009, wakakuta kwenye mishipa midogo kabisa ya mapafu ya korona vibonge vya damu mara 9 zaidi ya ile ya gripe. Mara 9! Wale wenye walikuwa wanasema korona ni gripe tu, hapo ndio jibu yao iko.

Figo nazo zilikutwa zimeumia, hasa vile vimirija vyenye vinatengeneza mkojo. Kwa moyo, madokta walitegemea kukuta virusi imeuchoma moja kwa moja, lakini mara nyingi walikuta zaidi vibonge vidogo na moyo wenye ulikuwa umechoka zamani na tansio, yaani presha ya damu. Halafu mwisho wa 2022 Wamarekani wakatoa kazi yao kubwa ya otopsi 44: chembe za virusi zilikuwa karibu kila mahali, hata kwenye ubongo, na kwa mtu mmoja mpaka siku 230 tangu aanze kuugua, lakini nje ya mapafu na njia ya hewa virusi yenyewe haikuonekana imeharibu sana. Mimi naona hii ni ya muhimu, juu inamaanisha viungo vingine viliteseka zaidi kwa kukosa oksijeni, kwa damu kuganda, na kwa mwili wenyewe kupigana kupita kiasi.

Na wenye walikuwa bado hai walipata faida. Dawa ya kuzuia damu kugandana, heparini, ikawa kawaida kwa wagonjwa wa kulazwa.

Huku kwetu sasa. Nilikuwa kwenye kilio moja Katuba, baba mwenye tansio na sukari, alikohoa wiki moja akaenda. Mwili bado uko morge, dada wa marehemu ameshamnyang'anya mjane ufunguo za nyumba, anamwambia mbele ya watu wote, "wewe njo ulimula kaka yetu," yaani umemuua kwa uchawi. Mama wa watu ameketi chini kwenye mkeka, mikono kwenye mapaja, hana hata neno ya kujibu, juu atajibu na nini? Hakuna mtu aliyepima kitu. Ile siku iliniuma na inaniuma mpaka leo.

Jirani zetu wa Zambia walijaribu. Kati ya mwezi wa sita na wa tisa 2020, kwenye morge ya hospitali kubwa ya chuo kikuu huko Lusaka, walipima pua za maiti 364, na kati ya asilimia 15 na 20 zilikuwa na korona. Wengi wao walikufia nje ya hospitali na kati ya hao hakuna hata mmoja aliyekuwa amepimwa akiwa hai. Lusaka, jamani, si Ulaya, ni barabara ile ile ya Kasumbalesa yenye malori yetu yanapita kila siku. Nani anaweza kuniambia huku ilikuwa tofauti?

Najua familia zinakataa maiti ipasuliwe na ninawaelewa, hakuna mtu anapenda kuona baba yake ameshonwa kifua. Lakini si lazima kufungua mwili. São Paulo, huko Brazili, mwaka huo huo wa 2020 walitumia ekografi (ile mashine yenye inaonyesha ndani ya mwili, kama ya mama wajawazito) na sindano ndefu kutoa vipande vidogo vya mapafu, moyo, figo, na kwa wengi wa maiti 10 za kwanza wakaona vile vile vibonge kwenye mishipa midogo ya mapafu. Mwili unarudi kwa wenyewe mzima, unaoshwa, unavalishwa suti yake. Mimi wa kwangu nimeshawaambia: nikifa na ugonjwa haujulikani, wanitie ile sindano, na karatasi ya majibu apewe mke wangu mkononi kabla kilio haijaanza.