Siku moja na rejista: mrejesho wa antibiotiki kwa matabibu, Busia

Saa 1:30 asubuhi. Nafika kituo cha afya cha ngazi ya tatu kabla foleni haijakolea. Nimekuja kupima jinsi matabibu wanavyoandika antibiotiki, kisha niwarudishie matokeo. Rejista ya wagonjwa wa nje ikishaanza kuandikwa, huipati tena mpaka mchana. Napiga picha kurasa za miezi mitatu, safu ya majina nimeifunika kwa karatasi.

Saa 2:00. Kuchagua mistari. Ikiwa ipo 1,200 na nataka 100, nachukua kila wa 12, nikianzia namba niliyookota kwa kura kati ya 1 na 12. Anayechukua mistari ya juu ya kila ukurasa, mahali ambapo kila siku huanza ukurasa mpya, amepima asubuhi tu.

Saa 3:00. Kuhesabu. Asilimia ya jumla ya antibiotiki haimwambii tabibu afanye nini kesho, kwa hiyo natazama magonjwa mawili ambayo kwa kawaida hayahitaji antibiotiki. Mafua na kikohozi bila nimonia: wangapi walipewa antibiotiki? Kuhara maji bila damu: wangapi walipewa metronidazoli, ambayo nayo ni antibiotiki, na wangapi walipata ORS (chumvi za kurudisha maji mwilini) na zinki? Seftriaksoni, antibiotiki ya sindano, naiwekea safu yake, maana kwa Shirika la Afya Duniani (WHO) imo katika kundi la Watch (za kutumia kwa uangalifu), si Access (za kuanzia) kama amoksilini, na sindano ina wapenzi wengi.

Saa 4:30. Hapa ndipo penye kazi. Baada ya mrejesho wa kwanza, mafua yenye antibiotiki hupungua katika rejista na nimonia huongezeka. Ugonjwa haujabadilika, jina ndilo limebadilika. Dawa ya hilo ni kutafuta hesabu ya pumzi inayoonyesha nimonia: mtoto wa miezi 2 hadi 11, pumzi 50 au zaidi kwa dakika, wa mwaka 1 hadi 4, 40 au zaidi. Nimonia isiyo na namba naiandika "haijathibitishwa". Mara nyingi si udanganyifu: saa ya ukutani imekufa, au mtoto alikuwa analia. Kuhesabu sekunde 15 kisha kuzidisha kwa 4 hakufai, kwani kosa la pumzi moja linakuwa la nne. Ni dakika nzima, mtoto ametulia kwa mama.

Saa 6:00. Kadi ya stoo. Shehena ya dawa za serikali huja kwa vipindi, na amoksilini ikiisha wiki tatu kabla ya shehena inayofuata, takwimu "zinapendeza" zenyewe. Naandika siku za ukosefu kando ya kila mwezi, la sivyo tutasifu kabati tupu.

Saa 8:00 mchana. Naandika barua ya ukurasa mmoja kwa matabibu, kwa kuiga mfano. Uingereza, mwaka 2014, mganga mkuu wa serikali aliziandikia kliniki zilizokuwa kwenye asilimia 20 ya juu katika eneo lao kwa antibiotiki: kliniki 80 kati ya 100 za eneo lenu zinaandika chache kuliko nyinyi. Katika miezi sita matumizi yao yalikuwa chini kwa asilimia 3.3 hivi kuliko ya kliniki kama hizo ambazo hazikuandikiwa, kwa gharama ya stempu. Barua hiyo ilipendekeza pia kumpa mgonjwa karatasi ya dawa aitumie asipopata nafuu. Hilo kwetu nimeliacha: duka la dawa liko hatua chache na mara nyingi haliulizi karatasi.

Saa 9:30. Kikao, dakika 20, mlango umefungwa. Kwenye matokeo kila tabibu ni herufi, na anajua yake tu: A, B, C. Kabla hawajabishana, nasema wazi kwamba wagonjwa 18 kati ya 30 waliopewa antibiotiki na 15 kati ya 30 si tofauti ya kugombania. 25 na 9 ndiyo. Kisha kila mmoja anachagua jambo moja. Wengi huchagua saa yenye mshale wa sekunde.

Saa 11:00. Naandika lengo moja na tarehe ya kurudi katika kitabu cha usimamizi, mkuu wa kituo anatia sahihi, na kitabu kinabaki hapo hapo. Picha za rejista nazifuta kwenye simu kabla sijapanda boda.