Nimerudi, na hapana, mi sio staa

Nimerudi wiki ya tatu sasa baada ya miaka 16 Ujerumani na kila anayeniona swali ni lile lile, enhe, umekuwa staa? Jamani. Mi nilikuwa napiga fidla ya pili kwenye okestra, kule nyuma safu ya nne, na kazi yenyewe ni usisikike peke yako, ukisikika peke yako ujue umekosea. Shangazi kanisikiliza mpaka mwisho halafu kasema "kwa hiyo walikuwa wanakulipa ujifiche?" Nikacheka ila hajakosea sana.

Watu wanadhani unaenda, unasoma, unapewa kiti. Kile kiti nimekipata kwenye odisheni ya 11. Unapewa namba, raundi ya kwanza unapiga nyuma ya pazia ili wasijue we ni nani, na sehemu zingine wanatandika na zulia kabisa ili mlio wa viatu usikuchongee kwamba ni mwanamke. Unaanza na konseto ya Mozart (kipande cha mpigaji mmoja mbele ya okestra), moja ya zile alizoandika 1775 akiwa na miaka 19, ukiisikia unasema mbona ya kitoto, na ndo hiyo inayomaliza watu maana noti zake zimekaa wazi kama nguo kwenye kamba, doa dogo tu kila mtu analiona. Hata dakika tatu hazijafika sauti inasema asante. Basi. Umekesha kwenye treni, dakika tatu, asante, unafunga boksi unarudi stesheni. Mara kumi hivo. Na ukishapita bado kuna mwaka mzima wa majaribio, wanaopiga kura ubaki au uende ni wenzako wenyewe, yaani yule mnayeshea stendi moja ya noti, anakugeuzia tabasamu na hujui mfukoni kaandika nini.

Ya kondakta sisemi mengi (wa okestra, sio wa basi, hili nalo nimelirudia mpaka nimechoka).

Sasa Jumapili ya kwanza mama akasema haya tupigie hayo uliyokuwa unapiga huko. Nikatoa Beethoven, sehemu yangu kama ilivyo, pa-pa-pa kimya, pa-pa, noti moja hiyo hiyo mistari miwili, halafu tena pa-pa-pa. Mama katulia kwa adabu zote, nilipomaliza akauliza, wimbo wenyewe uko wapi? Nikamwambia mama, wimbo wanao fidla ya kwanza, wakichoka wanawapa filimbi. Akafikiri kidogo. "Kumbe miaka yote ulikuwa unaitikia." Miaka 16 natafuta namna ya kueleza kazi yangu kwa watu wa nyumbani, ye kaipata kwa neno moja, tena hakuwa anasifia wala kubeza, alikuwa anaelewa tu.

Kwa nini nimerudi, hilo nalo mnauliza sana. Mkataba ulikuwa mzuri, sikufukuzwa. Kuna simfoni ya Haydn, namba 45, ya 1772. Bwana mkubwa aliyemwajiri Haydn na okestra yake aliwaweka wanamuziki kwenye kasri lake la mashambani kupita muda waliozoea, familia zao ziko mbali, sasa Haydn badala ya kwenda kulalamika akaandika muziki ambao mwishoni kila mpigaji anamaliza kipande chake, anazima mshumaa wake, anaondoka, mmoja mmoja, mpaka zinabaki fidla mbili tu zinanong'ona. Yule bwana akaelewa, wakaruhusiwa kwenda. Tuliipiga mwaka juzi. Mi nilikuwa kwenye wale wanaotoka kabla ya zile mbili za mwisho, nimesimama gizani pembeni ya jukwaa nimeshika fidla, watu ukumbini wanacheka maana kweli inachekesha, na mi napiga hesabu ya nauli.

Haya, huku sasa. Mtoto wa dada ana programu ya kutyuni kwenye simu, kaisogeza karibu kaniambia mamdogo, uko juu. Nikataka kubisha, kumbe kweli, kule noti ya A tulikuwa tunaityuni kwenye mitetemo 443 kwa sekunde na kiwango cha kimataifa ni 440, sikio langu limeshaganda huko juu na kila kitu hapa nakisikia kimelegea.

Ila la jana ndo limenikalisha chini. Niko chumbani napiga skeli taratibu, mama akaita, "kuna nzi humo?" Nzi gani tena. "Humo kwenye chombo chako, kuna kitu kinavuma." Nikapiga tena, sisikii kitu. Akasema kipo. Basi nikafanya kama fundi anavyofanya, nikagonga kwa kifundo cha kidole nikizunguka ukingo wote, tok tok tok, mpaka karibu na pale pa kuwekea kidevu mlio ukawa wa kopo. Kiungio cha ukingo kimeachia kama sentimita nne. Sio ajali hiyo, gundi yake ni ya ngozi za wanyama na inawekwa iwe dhaifu kuliko mbao makusudi, hewa ikibadilika iachie yenyewe kabla mbao hazijapasuka, fundi anabandika tena na maisha yanaendelea.

Sema fidla unaishikilia kushoto, na sikio langu la kushoto limekaa sentimita chache toka kwenye nyuzi tangu nina miaka tisa. Nikageuza kichwa nikatega la kulia, nikapiga tena ile noti. Nzi yupo. Mama alikuwa uani, mlango umefungwa.