Karafuu ya Jino na Karafuu ya Pua

Wete, Ijumaa usiku

Leo alasiri pua yangu imerudi. Tangu nilipougua mafua makali, wiki tano zilizopita, sikuwa nikisikia harufu yoyote, na wiki hizo zimeangukia katikati ya msimu wa karafuu. Kila jioni nimekuwa nikikaa barazani na bibi kuchambua, karafuu upande huu na makonyo upande ule, vidole vikinata mafuta na kugeuka rangi, nami sisikii kitu. Siku ya kwanza nilimlalamikia kwamba karafuu za mwaka huu hazina harufu. Aliniangalia, akasema: "Mwanangu, harufu ipo. Pua yako ndiyo haipo."

Kauli hiyo imenikaa kichwani kuliko alivyokusudia, kwa sababu mimi nasomesha kemia na najua hiyo harufu ni nini. Sehemu kubwa ya mafuta ya karafuu ni yujenoli, ambayo molekuli yake ina atomu 10 za kaboni, 12 za haidrojeni na 2 za oksijeni. Hupaa hewani, ikashikana na vipokezi vya seli za neva zilizoko juu ndani ya pua, na seli hizo zikapeleka taarifa kwenye ubongo. Yote hayo niliyajua nikiwa nimeinamia ungo, na hayakunipa harufu hata chembe.

Wako wanafalsafa wanaoshikilia kwamba kila kilichopo, pamoja na fikra na maumivu, hatimaye ni kitu cha kimaumbile. Zamani msimamo huu ukiitwa uyakinifu. Katika miaka ya 1930 Otto Neurath na Rudolf Carnap, waliokuwa katika kundi la wanafalsafa wa Vienna, waliueneza kwa jina la fizikalizimu. Mwaka 1959 J. J. C. Smart alitetea hoja kwamba hisia ni mwenendo wa ubongo wenyewe, kama vile radi si chochote zaidi ya umeme unaopita angani.

Hoja yao yenye nguvu kuliko zote naiona kwenye jino. Nilipokuwa mtoto, jino likiniuma, bibi alikuwa akinipa karafuu niitafune upande wenye maumivu, na baada ya muda ufizi ulikuwa ukifa ganzi, maumivu yakapungua. Yujenoli ile ile ndiyo inayochanganywa katika baadhi ya dawa za kuzibia meno, na ndiyo maana chumba cha daktari wa meno hunukia karafuu. Sasa, ikiwa maumivu ni kitu kisicho na mwili, karafuu iliyafikia wapi? Mwaka 1643 Elisabeth, binti mfalme wa Bohemia, alimwandikia René Descartes, mwanafalsafa aliyeshikilia kwamba nafsi na mwili ni vitu viwili mbalimbali, barua yenye swali la aina hiyo, akitaka kujua vipi nafsi isiyo na umbo inaweza kuusogeza mwili. Majibu aliyopewa hayakumridhisha, wala mimi hayaniridhishi.

Upande wa pili yuko Frank Jackson wa Australia, ambaye mwaka 1982 alitunga kisa cha Mary, mtaalamu aliyeishi ndani ya chumba cha rangi nyeusi na nyeupe tu, akajua kila jambo la kimaumbile kuhusu kuona rangi. Siku atakapotoka na kuona wekundu, je, hatajifunza jipya? Jackson alisema atajifunza, kwa hivyo maumbile si yote. Miaka ya baadaye yeye mwenyewe aliiacha hoja hiyo.

Wiki hizi tano nilikuwa Mary wa kinyume: harufu niliijua tangu zamani, kisha nikanyimwa. Lakini leo, harufu iliponipiga nilipokuwa nageuza karafuu kwenye jamvi, sikupata habari mpya hata moja. Niliitambua kabla ya kuitaja, na mtu hatambui asichokijua. Kilichorudi ni uwezo, na kilichourudisha, kwa ninavyoelewa, ni seli za neva kuota upya. Kwa hivyo naegemea kwa Smart, ingawa sijui kwa nini seli hizo zikiamka lazima pawe na kunukia, badala ya kuwa zinafanya kazi kimya kimya tu kama saa. (Kiswahili chetu husema tunasikia harufu, tunasikia maumivu, tunasikia njaa, kitenzi kimoja kwa yote, kana kwamba waliotutangulia waliona fumbo ni lile lile.) Kuhusu roho sithubutu kusema, aya ya 85 ya Suratul Israa imeshatuambia kwamba elimu tuliyopewa ni kidogo. Lakini harufu si roho, na sioni dhambi kuitafutia maelezo.

Nilipomwambia bibi kwamba nimeisikia, hakuacha kuchambua. "Alhamdulillahi," alisema, kisha akanisogezea ungo mwengine.