Nilivyopata fedha za kujaribu zege linalokunywa maji, hapa Ngamiani, Tanga

Kila masika ua wa madrasa ya mtaani kwetu hujaa maji mpaka kizingitini. Watoto huvua viatu mlangoni mwa uchochoro, wazee hupita wameushika ukuta. Mimi ni fundi, nafyatua tofali za pevingi, na jambo hilo liliniuma kwa sababu kila ua tunaousakafia husukuma maji yake kwa jirani.

Zege linalokunywa maji halina mchanga. Ni simenti, kokoto za saizi moja na maji kidogo sana. Kokoto hushikana zinapogusana, katikati yanabaki matundu, kwa kawaida asilimia 15 hadi 25 ya zege lote. Chini yake unamwaga kokoto zilizooshwa, ambazo nafasi zake hufika kama asilimia 40. Kwa hiyo tabaka la sentimita 30 linabeba mvua ya milimita 120 huku ardhi ikiendelea kuyanywa taratibu. Halifai kupitisha malori, lakini kwa ua wa madrasa linatosha kabisa.

Andiko langu la kwanza liliomba milioni nane za kusakafia ua mzima. Nililipeleka sehemu tatu, kote nikaambiwa hawana fungu la ujenzi. Wenzangu wa kikundi wakasema tuchukue mkopo wa halmashauri, ule unaotokana na asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, ambamo wanawake wana 4. Hauna riba, kweli, ila unarudishwa, na jaribio haliuzi kitu. Nikakataa, na bado naona nilifanya sawa.

Aliyenifungua macho ni mhandisi mmoja mstaafu. Alisoma kurasa zote, akavua miwani.

"Mwanangu, humu umeandika sakafu tu. Hawa wa fedha za utafiti watakuuliza unataka kujua nini."

"Shikamoo yangu umeilipa vizuri, mzee," nikamwambia, na nikarudi nyumbani nikiwaza.

Nilichotaka kujua nilikuwa nakikanyaga kila siku: mchanga. Nchi zilizozoea sakafu hizi zina magari ya kufyonza vumbi kwenye matundu. Sisi tuna fagio na ndoo. Je, fagio na maji vinatosha kuyafungua matundu yakiziba, na baada ya muda gani?

Kwa pesa ya kikoba nikamwaga mita mbili za mraba uani kwangu, nikazifunika nailoni siku saba. Nikakata pete ya bomba pana, upana wa sentimita 30, nikaziba ukingo kwa udongo wa mfinyanzi ili maji yasitoroke pembeni. Ndoo ya lita 20 ilizama kwa dakika moja na kidogo. Baada ya vuli nzima ya watoto na kuku kupita juu yake, ndoo ileile ilichukua zaidi ya dakika sita. Nikasugua kwa brashi ngumu, nikapiga maji ya mpira, ikashuka mpaka dakika mbili.

Namba hizo tatu niliziweka ukurasa wa kwanza. Eneo nikalipunguza hadi mita 30 za mraba, mbali na kisima na shimo la choo, maana maji yanayozama hubeba uchafu wa juu. Nikaandika pia ujira wa kijana wa kupima kila mwezi kwa mwaka mzima, brashi, maji, na fedha za kuvunja sakafu yote jaribio likishindikana. Fungu hilo la mwisho ndilo wafadhili wa utafiti waliloniuliza kwa muda mrefu kuliko yote, na naamini ndilo lililowafanya wakubali. Kwa kuwa uwanja ni wa wakfu, barua ya kamati ya msikiti ilikuwa mkononi kabla sijaomba shilingi.

Awamu ya pili ya fedha ilichelewa. Simenti nikakopa dukani kwa jina langu, usiku ule sikulala. Ukiandika bajeti, panga kazi ili awamu ya kwanza imalize zege lote. Upimaji unaweza kusubiri, zege la nusu halisubiri.

Sasa ni mwezi wa nane wa upimaji. Jana ndoo ilizama kwa dakika moja na nusu katikati ya ua, na dakika nne chini ya mwembe, kwa sababu ya majani. Nimeomba upande ule ufagiwe mara mbili kwa wiki, na nimeyaandika yote mawili kwenye ripoti inayokwenda Ijumaa.